Nyumba ya Sakafu Tatu

Ardhi ya Kinakomba hugawanywa kwa kuufuata mto. Tangu zamani Wapokomo walikata mashamba yao vipande virefu vyembamba, kila kimoja kikianzia ukingoni na kuishia bara, ili kila jamaa apate maji na udongo mwema. Vipande hivyo hurithiwa, na urithi huvipunguza upana. Changu kilinifikia kikiwa na upana wa meta 9 tu, nami nilitaka kujenga hapo nyumba ya watu 7.

Wembamba ulikuwa tabu ndogo. Tabu kubwa ilikuwa maji. Mto Tana ulifurika vibaya mwaka 1961, tena 1997, tena 2018, na tena 2023. Mabwawa ya juu ya mto, kama lile la Masinga lililokamilika mwaka 1981, hayakuyakomesha mafuriko makubwa. Tena mto huo hula kingo zake na kuhama. Kwa hiyo niliiweka nyumba mbali na ukingo.

Mfano niliupata Lamu. Katika nyumba za mawe za mji ule, upana wa vyumba umewekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko, usiopita sana meta 3. Wajenzi waliinua sakafu kidogo kidogo: mtu atokaye uani hupanda kuingia msana, hupanda tena kuingia ndani. Kila kupanda hutenga mahali na mahali pasipo kuzuia upepo.

Basi nilichora sakafu tatu. Ya kwanza, baraza na jiko, iko sentimeta 60 juu ya ardhi, mwendo wa vipandio 4. Vipandio 9 vingine hufikisha sakafu ya pili, nyuma ya baraza, juu ya nguzo za zege; chini yake hukaa mtumbwi, na maji yakija yana njia ya kupita. Vipandio 9 tena hufikisha ya tatu, juu ya baraza, walalapo watoto na kuwekwapo nafaka.

Shauri gumu lilikuwa chumba cha mama yangu, ambaye magoti yake yamechoka. Fundi alitaka alale chini, karibu na mlango. Rai yake ilikuwa ya huruma, lakini maji ya mto huweza kuingia usiku, na mzee hapandishwi gizani kwa urahisi. Nilisema alale sakafu ya pili. Mama alitusikiliza, kisha akasema, “Mwanangu, nitapanda, ila nipeni mahali pa kupumzika njiani.”

Kwa hiyo kila kipandio kikawa na kimo cha sentimeta 15 tu, mikono ya kushikia ikawekwa pande zote mbili, na penye kipandio cha nne likajengwa benchi la saruji. Gharama yake ilikuwa chumba cha wageni, ambacho fedha zake zilikwisha katika nguzo.

Msomaji kijana, huenda siku moja ukachora nyumba. Wengi watakuuliza vyumba ni vingapi na bati ni la rangi gani. Wewe waulize kwanza ni nani dhaifu kuliko wote nyumbani, na atakuwa wapi maji yatakapokuja.