Kichwa kielekee wapi?

Leicester, Uingereza

Yaya,

Ile video uliyonitumia nimeitazama mpaka mwisho. Yule bwana anasema anayelala kichwa kikiwa kaskazini anajitafutia maumivu ya kichwa, ndoto mbaya na mkosi nyumbani. Unaniuliza kama mumgeuzie binti yako kitanda pale Nyakasanza, Bunia, maana mimba imeingia mwezi wa saba na usingizi umemkimbia. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nikae na mama mwenye nyumba. Hayo mambo yeye ameyanyonya na maziwa, huyo bwana wa video ameyasoma juzi.

Mama huyu ni Mhindi wa Kigujarati, amezaliwa Hoima, upande wa pili wa ziwa letu Albert. Sisi wapangaji tunamwita Ba, kama wanavyomwita wajukuu zake. Alikuwa msichana mwezi Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri ya mji huu wa Leicester ilisikia kwamba wengi wanaelekea huku, ikatoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Walikuja. Leo Belgrave Road ni maduka ya sari na dhahabu kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikukuu ya Diwali inawashiwa taa barabara nzima. Kiswahili cha Ba ni kile cha dukani, bei na kilo na ngoja kidogo, lakini tunaelewana.

Siku nilipohamia hapa, karatasi zangu hakuzisoma sana. Alichokiangalia ni kitanda. Chumba chenyewe ni chembamba: kitanda, kabati, na nafasi ya kuvulia viatu. Mjukuu wake akaweka simu juu ya godoro ili dira ionyeshe kaskazini, mshale ukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kumbe ni chuma cha springi ndani ya godoro. Ba akamnyang'anya simu, akaenda dirishani, akanyoosha mkono kule jua linakotokea, na kutoka hapo akahesabu pande zote nne mwenyewe. Halafu tukasukuma kitanda, yeye akiamuru, sisi tukitoka jasho. Kusini haikuwezekana kwa sababu ya mlango. Basi akaniruhusu mashariki.

Sheria zenyewe, Yaya, ni hizi. Kichwa kusini ndiyo bora kuliko zote, huleta usingizi mzito na maisha marefu. Mashariki ni ya wanafunzi na wanaotafuta elimu. Magharibi inavumilika. Kaskazini ni marufuku. Elimu hiyo inaitwa Vastu Shastra, ni ujuzi wa kale wa Wahindi wa kupanga nyumba, mahekalu na hata miji. Imo katika vitabu vya Kisanskriti kama Mayamata na Manasara, na Varahamihira aliiandikia sura nzima katika Brihat Samhita, karne ya 6. Kwao kiwanja si udongo mtupu. Chini yake kuna mtu mkubwa aliyelazwa na kukandamizwa na miungu 45, kichwa chake kaskazini mashariki, miguu kusini magharibi, na anayejenga lazima ajue wapi pa kumkanyaga na wapi pa kumwacha apumue. Kila upande una mlinzi: kusini ni Yama, mungu wa mauti, kaskazini ni Kubera mwenye mali, mashariki Indra, magharibi Varuna.

Nikamuuliza Ba, kama kusini ni kwa mungu wa mauti, mbona kichwa ndiko kinakopelekwa? Akacheka. Kwao maiti ndiye anayelazwa kichwa kaskazini, na aliye hai hapaswi kujizoeza. Akanisimulia pia habari za Ganesha, yule mwenye kichwa cha tembo. Shiva alipomkata mtoto kichwa kwa hasira, aliwatuma watumishi wamletee kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta amelala kichwa kikiwa kaskazini. Wakamkuta tembo. Ba anaisimulia kwa namna ambayo hata mimi Mkristo usiku ule nilichungulia kitanda changu kimekaa vipi.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ni imani ya watu, ina heshima yake. Ugomvi wangu ni na yule bwana wa video anayetaka tuamini kuwa ni sayansi. Anadai dunia ni sumaku na damu ina chuma, basi ukilala kaskazini damu inavutwa kichwani. Vitabu vya kale vinataja miungu na pande za mbingu. Habari ya sumaku wameipachika watu wa juzi. Chuma tunacho, gramu 3 au 4 katika mwili mzima, lakini kingi kimefungwa ndani ya chembe za damu na hakivutwi kama msumari. Na sumaku ya dunia ni dhaifu mno, kati ya maikrotesla 25 na 65, na kwetu karibu na Ikweta ni hafifu kuliko kule kwenye ncha. Mashine ya MRI ya hospitali, ile ya kawaida ya tesla 1.5, inaizidi mara elfu 30 hivi. Watu wanaingizwa humo kichwa kwanza kila siku na damu inabaki kwenye njia zake.

Nisiwaonee lakini. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walipiga hesabu ya maelfu ya ng'ombe kwa picha za satelaiti, wakasema ng'ombe hupenda kusimama na kulala kwa mstari wa kaskazini na kusini. Mwaka 2011 wengine wakatazama picha zao wakasema hawauoni mstari huo. Wachungaji wetu wa Djugu wangewaambia wote wawili kwamba ng'ombe anaupa upepo mgongo, kisha wangeomba chai. Na mwaka 2019 wanasayansi wa Caltech, Marekani, waliwakalisha watu gizani, wakawazungushia sumaku yenye nguvu kama ya dunia, na kwa baadhi yao mawimbi ya ubongo yakabadilika. Ubongo ulisikia kitu. Lakini watu hao walikuwa macho, wameketi, na hakuna aliyepimwa usingizi.

Tena hayo mashariki ya Ba yana shida yake huku. Bunia jua linatoka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na dirisha lililopata mwanga Januari litaupata Julai. Leicester mwezi wa Juni jua linachomoza kaskazini mashariki kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na kuzama ni saa tatu na nusu usiku. Desemba linatokea kusini mashariki saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni limekwenda. Mimi nafanya kazi ya usiku katika ghala, nalala mchana. Kilichonirudishia usingizi ni pazia nene jeusi. Ba anasema ni mashariki. Kodi namlipa yeye, nimemwachia ushindi.

Sasa nikuulize wewe, kwa kuwa ulikuwepo na ulikuwa mkubwa kuliko mimi. Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipotoka mjini Bunia na wanamgambo wakaanza kuugombea mtaa kwa mtaa, ni nani aliyetupangia vitanda? Mama. Aliburuta kitanda kutoka ukuta wa barabarani, akapanga magunia ya maharagwe mahali pake, akatulaza sisi wadogo mkekani chini ya kitanda, vichwa kwenye ukuta wa ndani, miguu kuelekea barabara. Ulimuuliza kwa nini, akasema mguu ukipigwa mtu anapona. Nyumba ilikuwa ya udongo, risasi inapita. Hivyo ndivyo tulivyolala mpaka Juni, Wafaransa wa operesheni ya Artemis waliposhuka uwanja wa ndege, na hata baada ya hapo Mama hakukirudisha kitanda upesi. Mimi mpaka leo siwezi kulala kichwa kikiwa upande wa barabara, na barabara yenyewe ni ya Leicester, inapita basi na gari la takataka tu.

Ndiyo maana sipendi kumcheka anayegeuza kitanda. Pale kambi ya Kigonze, wenzetu waliotoka Djugu wanalala chini ya turubai, na kichwa kinakwenda mahali maji yasipopenya. Mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mtu anayesikiliza pikipiki saa nane za usiku kujua ni ya jirani au si ya jirani hawezi kupumzika, umgeuze kusini au mashariki. Usingizi wa Bunia umeibwa na mambo yanayojulikana. Anayewaambia watu hao kwamba kosa ni la kitanda chao anawauzia kitu.

Turudi kwa binti, ambaye ndiye shida yako. Upo upande wa kulalia unaookoa maisha, ila hauhitaji dira. Hapa hospitali wanawaambia wajawazito kuanzia wiki ya 28 walale kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, wasilale chali, kwa sababu tumbo likikandamiza mishipa mikubwa ya damu mtoto anapungukiwa. Akizinduka usiku akajikuta chali, ajigeuze tu, asiogope. Aweke mto mmoja katikati ya magoti, usingizi utakuja kidogo. Chandarua alichopewa kwenye kliniki ya wajawazito, CPN, kifungwe juu ya kitanda chake yeye, kisigeuzwe uzio wa vifaranga, najua mnavyofanya. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani hata baridi ya Bunia ikizidi, moshi wake mbaya kabisa ni ule usioonekana wala kunuka.

Na mtoto akizaliwa, mlazeni chali. Bibi zake watasema atapaliwa, watataka alale kifudifudi kama tulivyolazwa sisi. Msikubali. Uingereza ilianza kuwatangazia wazazi hivyo mwaka 1991, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua sana. Chali, mahali pagumu kidogo, bila mto, bila kanga nzito karibu na uso.

Ba anamsalimu binti na anasisitiza kusini. Kama chumba kinaruhusu na moyo wake utatulia, mgeuzieni, haidhuru kitu. Ila asikisukume yeye. Waite wale vijana wawili wa jirani, na pesa ya soda nitaituma Ijumaa.

Mdogo wako