Waliokesha na Nyiragongo

Duka letu la vitenge pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, lilisimama kwa wateja wa Goma, mashariki mwa Kongo. Walikuja, wakachagua, wakafunga marobota, mzigo ukapanda lori kupitia Rusumo na Kigali. Januari 2002 wakakatika ghafla. Tarehe 17 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulikuwa umepasuka, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuishia Ziwa Kivu. Mama mmoja, mteja wa siku nyingi, alirejea baada ya miezi kadhaa. Ghala lake lote lilikuwa limeteketea. Baba alimkopesha mzigo bila kuandikishana.

Ni mama huyo aliyenipeleka OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, nilipofuatilia mzigo huko miaka michache baadaye.

“Mwanangu, ukifanya biashara Goma, wafahamu hawa kwanza,” aliniambia.

Kituo kilianzishwa mwaka 1986. Kilichonishika ni pipa dogo la chuma lililovishwa karatasi, likizunguka polepole huku kalamu ikichora mstari. Mtaalamu akanieleza kwa kidole: mwamba ukikatika, kalamu huruka kwa nguvu kisha hutulia; lakini mwamba ulioyeyuka ukitembea chini, kalamu hutetemeka muda mrefu, wala huoni ilipoanzia. Kabla ya mlipuko wa 2002, vituo viwili tu vya mitetemo, Katale na Bulengo, ndivyo vilivyokuwa vinafanya kazi. Kwa vituo hivyo viwili, Dieudonné Wafula wa OVG na wenzake waliiona hatari, wakaonya. Mji haukuhamishwa. Niliwaheshimu watu wale kuliko ninavyoweza kueleza.

Usiku wa Mei 22, 2021, mlima ukapasuka tena. Nilipiga simu hadi kidole kikauma. Asubuhi mama yule akapokea, yuko Gisenyi, upande wa Rwanda, na wajukuu, salama. Onyo lolote hakulisikia. Baadaye ikajulikana kwamba ufadhili wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea taarifa za mitambo ya mlimani. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Hasira ile ninayo hadi leo. Fremu yetu ya Kariakoo, ya kuuza vitenge tu, haijawahi kukosa bando. Ningejua pa kupeleka hela, ningewalipia.