Goma–Kinshasa: safari ya saa mbili imekuwa ya siku mbili

Goma, Juni 2025 – Kati ya kiwanja cha ndege cha Goma na kile cha N'djili, Kinshasa, kuna karibu kilomita 1,560 ukipita angani. Ndege kubwa ilimaliza safari hiyo kwa saa mbili na dakika kidogo. Na kwa sababu saa ya Kinshasa iko nyuma ya ile ya Goma kwa saa moja, mtu aliyeondoka hapa saa nne asubuhi alishuka kule saa tano na robo, akala chakula cha mchana kwa ndugu zake.

Mama mmoja wa mtaa wa Katindo, muuzaji wa maharagwe, aliijua hesabu hiyo kwa kichwa. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa akimpokea N'djili. Jumapili usiku simu ikalia: kaka amefariki. Mazishi ni Alhamisi, saa nane mchana.

Zamani angenunua tiketi Jumatatu, na Jumanne angelala kwenye kilio. Lakini kiwanja cha Goma kimefungwa tangu mwisho wa Januari, vita vilipoingia mjini. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kiwanja hicho, na bado ndege zilirudi. Safari hii abiria wanangoja.

Kijana wake akamwandikia njia kwenye karatasi. Kuvuka mpaka hadi Gisenyi. Gari hadi Kigali, kama kilomita 155 za milima, saa tatu au nne. Ndege hadi Nairobi, karibu kilomita 760. Kungoja pale. Halafu Nairobi hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 2,400. Jumla ni kama kilomita 3,300, mara mbili ya njia ya zamani, na mtu anaanza kwa kwenda mashariki ili afike magharibi. Ukiongeza kungoja na kulala njiani, siku mbili zinakwisha.

«Pesa tutatafuta,» mama akasema. Familia ikachanga. Lakini muuza tiketi akaomba pasipoti, naye hakuwa nayo. Miaka yote alisafiri ndani ya nchi yake kwa kadi ya uchaguzi. Jeto ya kuvukia Gisenyi haimpandishi mtu ndege ya Nairobi.

Alhamisi, saa tisa ya Goma, ambayo ni saa nane ya Kinshasa, majirani walikaa naye uani, simu ikiegemea sufuria. Picha ilikatika mara tatu. Aliona jeneza likishushwa, udongo hakuuona.

Familia nyingi za hapa zina watu pande zote mbili, na wengine walihama na kuacha kila karatasi nyumbani. Anayepanga njia hii atazame kwanza pasipoti yake inaisha lini, na awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ajue pia saa: Kigali ni sawa na Goma, Nairobi iko mbele kwa saa moja, Kinshasa iko nyuma kwa saa moja.

Mama wa Katindo alirudi sokoni Jumatatu. Pesa za mchango alitaka kuzirudisha, ndugu wakakataa. Ameziweka kando kwa ajili ya pasipoti.

«Kaka ameenda,» anasema. «Lakini watoto wake wako kule.»