Huru kwa Jina

Kipengele cha 9 kilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya nafasi ya sahihi: mwandishi hatafanya kazi na mshindani yeyote wa kampuni, popote Afrika Mashariki, kwa miezi 18 baada ya mkataba kuisha. Mimi naandika makala za kuuza bima na matangi ya maji, nikiwa kwa chumba changu hapa Machakos. Nalipwa kwa neno. Siri gani ya biashara ninayo mimi?

Ukurasa wa kwanza wa mkataba huohuo unasema mimi si mwajiriwa, ni mkandarasi huru. Kwa hivyo hakuna likizo, hakuna NSSF, na wiki isiyo na kazi ni wiki isiyo na pesa. Wakati wa kudai haki niko huru. Wakati wa kutafuta riziki kwingine nimefungwa.

Kenya ina sheria kuhusu jambo hili, Sura ya 24. Inasema kipengele kama hicho si batili kwa sababu tu kimeandikwa, ila Mahakama Kuu inaweza kukibatilisha ikiona kimepita kiasi, kwa kuangalia aina ya kazi, muda na eneo. Ukisoma mara ya kwanza unafurahi. Ukisoma tena unaona shida iko wapi: lazima mtu afike Mahakama Kuu. Sasa mimi wa kulipwa kwa neno, wakili nitamlipa na nini? Maneno?

Ndiyo maana kipengele kinafanya kazi hata kama hakiwezi kusimama mbele ya jaji. Rafiki yangu alipata kazi yenye malipo mazuri zaidi, akaiandikia kampuni kuomba ruhusa. Alijibiwa kwa maneno mawili: "Soma mkataba." Kazi akaiacha. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyehitaji kumshtaki.

Na mlango unaweza kufungwa bila hata karatasi. Mwaka 2023, watu waliokuwa wakichuja video za kutisha za Facebook jijini Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walienda kortini. Walidai kwamba walifutwa kinyume cha sheria, na kwamba Majorel, iliyochukua kazi hiyo, iliambiwa isiwaajiri waliotoka Sama. Lakini hawa walikuwa zaidi ya 180 pamoja. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Meta, wenye Facebook, wanaweza kushtakiwa hapa Kenya.

Makao makuu ya Meta yako California, na huko vipengele vya kumzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani ni batili tangu 1872. Injinia wao akichoka anavuka barabara na kuanza kazi kwingine. Biashara huko haijakufa.

Anayetaka nikae miezi 18 bila kuandika, basi anilipe hiyo miezi 18. Hiyo ndiyo bei ya haki.

Sisi waandishi wa Machakos tuna kikundi cha WhatsApp cha kuulizana nani analipa ngapi. Siku hizi tunatumiana pia picha za mikataba. Kipengele cha 9 tayari kimeonekana kwa watu sita.