Pikipiki Kuukuu katika Milima ya Buha: Bomba Lipi Litafaa?

Ukitoka Kigoma mjini kuelekea Kasulu, wauacha ufuko wa Ziwa Tanganyika, ulio kwenye kimo cha mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na baada ya mwendo wa yapata kilomita 100 wajikuta katika mji uliopanda zaidi ya mita 1,200. Michikichi ya kando ya ziwa hupungua, na badala yake huja migomba, mihogo na mashamba ya maharage kwenye miteremko. Hewa huwa ya ubaridi, na jioni mtu hutafuta sweta. Ukisonga mbele upande wa kaskazini, ukavuka Mto Malagarasi, ambao huanzia karibu na mpaka wa Burundi na kuzunguka mzunguko mrefu kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, utafika Kibondo na vijiji vya Kitahana.

Hii ndiyo Buha, nchi ya Waha. Hapa, upande wa Kasulu, ndipo ilipokuwa Heru, ambako kabla ya Uhuru alitawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare wa Sita. Hapa pia ndipo walipopokewa wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, na tena miaka ya 1993 na 2015. Ni nchi ya vilima, ya mabonde yenye vijito, na ya udongo mwekundu ambao tangu Juni hadi Septemba huwa vumbi, na tangu Novemba hadi Aprili huwa utelezi. Katika miaka ya karibuni lami imetandazwa katika barabara kuu, lakini njia ziendazo mashambani, shuleni na zahanati bado ni zile zile za mawe, makorongo na madaraja ya magogo.

Katika njia hizo mfalme ni pikipiki. Boda boda za kutoka India na China zimejaa kila kituo. Hata hivyo, ukitupa macho kwenye uwanja wa misheni, nyuma ya zahanati au chini ya mwembe wa bwana shamba mstaafu, huenda ukaona mashine za zamani zaidi: Honda XL, Yamaha DT au Suzuki TF. Hizi ziliundwa mahsusi kwa njia mbovu. Zina tumbo lililo juu ya ardhi, springi ndefu, tairi zenye meno, na bomba la moshi lililopandishwa ubavuni ili lisigonge mawe wala kunywa maji ya kijito.

Kitu kimoja huzichosha kabla ya injini yenyewe, nacho ni bomba hilo, ambalo mafundi huliita ekzosi. Wengi hudhani kwamba mvua ndiyo inayolila. Kwa kweli kutu nyingi huanzia ndani. Petroli ikiungua hutoa maji, na lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja ya maji yanayotoka kama mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba hupata moto wa kutosha na mvuke wote hutoka. Safari ikiwa fupi, ya nyumbani hadi sokoni na kurudi, mvuke hupoa na kugeuka maji, ukatulia tumboni mwa bomba, na bati likaoza kimya kimya. Siku moja mwendesha pikipiki husikia ngurumo mpya, akainama, akakuta tundu.

Hapo ndipo wewe, mfanyakazi wa Dar es Salaam, Mwanza au Tabora, unapopata ujumbe kutoka nyumbani: "Mwanangu, pikipiki ya baba yako bado nzima, ila ekzosi imekwisha. Tutafutie." Ombi hilo laonekana dogo. Lakini pikipiki hiyo ndiyo inayopeleka gunia la maharage sokoni, ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku, na ekzosi yake asilia huenda haiundwi tena. Utanunua nini?

Jambo la kwanza la kujua ni aina ya injini. Honda XL ni ya mipigo minne, nayo huchukua petroli tupu. Yamaha DT na Suzuki TF ni za mipigo miwili, nazo huhitaji oili iungue pamoja na petroli. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu. Katika injini ya mipigo minne, bomba ni njia ya kutolea moshi na kupunguza makelele. Likibadilishwa kwa akili, injini huvumilia. Katika injini ya mipigo miwili, bomba ni sehemu ya injini yenyewe. Litazame vizuri: hutoka jembamba, likapanuka kama tumbo la chatu aliyemeza mbuzi, kisha likafinywa tena. Umbo hilo si la urembo. Moshi unapotoka kwa kishindo, mawimbi ya mgandamizo hukimbia ndani ya bomba, yakafika penye mfinyo, yakarudi nyuma na kuisukuma tena ndani ya silinda ile petroli mbichi iliyokuwa ikitoroka.

Aliyeikuza elimu hiyo kuliko wengi alikuwa mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ mjini Zschopau, katika Ujerumani Mashariki ya wakati huo, miaka ya 1950. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano huko Sweden, akajiunga na Suzuki ya Japani pamoja na maarifa hayo. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za ujazo wa sentimita 50. Basi ukimwona fundi akikata bomba la DT kwa msumeno na kuchomelea kipande cha bomba la maji, fahamu kwamba anaitupa kazi ya miaka mingi. Pikipiki itapiga kelele zaidi, itakunywa petroli zaidi, na mlima itaushindwa.

Sasa tuzitazame njia zilizo mbele yako. Ya kwanza ni bomba asilia lililotumika, kutoka pikipiki iliyokufa. Kwa injini ya mipigo miwili hili ndilo chaguo bora, mradi ulichunguze. Liinue uone uzito wake. Likiwa jepesi mno, bati limeliwa. Litikise. Likilia kama kayamba, vizuizi vya ndani vimevunjika. Ligonge kidogo kwa bisibisi sehemu za chini, maana huko ndiko maji hutulia. Kama limejaa masizi magumu ya oili, hilo si kosa, kwani masizi husafishwa.

Njia ya pili ni bomba jipya la kuiga, lililotengenezwa kwa ajili ya aina ile ile. Haya mengine ni mazuri na mengine ni bati la kopo. Tazama unene wa kingo, unadhifu wa uchomeleaji, na mahali pa kufungia bolti. Katika njia za matuta, bomba halivunjiki katikati. Hukatikia kwenye masikio yake ya kufungia. Kama fremu ina raba za kupunguza mtikisiko, zinunue mpya pamoja na gasketi ya shingoni, kwa sababu moshi unaovuja hapo huharibu mlio na kuunguza bolti.

Njia ya tatu ni kuazima bomba la boda boda na kulirekebisha. Kwa Honda XL jambo hili lawezekana, kwa kuwa bomba la injini ya mipigo minne yenye ujazo unaokaribiana hufanya kazi. Ila mabomba mengi ya boda boda hupita chini. Ukilifunga kwenye mashine ya milimani, umeondoa ile faida ya kuvuka kijito bila kuzamisha mdomo wa bomba, na jiwe la kwanza litakukumbusha.

Njia ya nne ni fundi wa kuchomelea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wala ufuaji wa chuma si ugeni katika pande hizi za magharibi: kaskazini kidogo, huko Buhaya, wahunzi waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Fundi hodari wa Kasulu au Kibondo aweza kutengeneza shingo mpya na kuihifadhi nyumba ya sailensa ya zamani. Mwambie tu asitumie bomba la maji lililopakwa zinki, kwa sababu zinki ikichomwa hutoa moshi wenye sumu unaompa mchomeleaji homa. Na kabla hajaanza, waya za betri zifunguliwe.

Vijana watakushauri njia ya tano: bomba la wazi lenye ngurumo. Mlio mkubwa si nguvu kubwa. Zaidi ya hayo, sailensa nyingi za mashine za milimani zina wavu wa kuzuia cheche. Mwezi wa Agosti nyasi za Kibondo hukauka kama karatasi, na ndani ya miombo hiyo ndimo mizinga ya nyuki inamoning'inia. Cheche moja yaweza kuteketeza asali ya ukoo mzima.

Liko pia jambo la kimo. Hewa ya Buha ni nyepesi kuliko ya ufukoni, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hutoa petroli nyingi kupita hewa, na plagi hutoka nyeusi. Bomba lililo wazi zaidi hufanya kinyume, hupunguza petroli mbele ya hewa. Mtu aweza kulifunga Kibondo na kufurahi kwamba injini imepoa na kutulia. Lakini akishuka nalo ziwani, ambako hewa ni nzito, injini itachemka mno. Kila ubadilishapo bomba, endesha kilomita chache, kisha fungua plagi. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeupe ni hatari, na jeti ya kabureta yapasa iwe kubwa zaidi.

La mwisho, na kwa familia ndilo la kwanza, ni mguu wa abiria. Bomba lililopanda juu huokolewa na maji, lakini hupita karibu na ndama ya anayeketi nyuma, naye mara nyingi ni mama mwenye kanga au mtoto wa shule. Usikubali bomba lisilo na ngao yake ya bati. Kama ngao imepotea, fundi aitengeneze kabla pikipiki haijatoka. Mtu akiungua, mwageni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, na jeraha likiwa kubwa aende zahanati. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia visiguse hapo.

Basi kabla hujatoa fedha, andikia nyumbani uulize haya: jina la pikipiki na ujazo wa injini, kipenyo cha shingo ya bomba, umbali kati ya bolti mbili za shingoni, mahali masikio yanapofungwa, na upande bomba linapopita. Waipige picha, au waichore kwenye karatasi. Kipimo hicho cha dakika kumi kitakuokoa na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 ya kurudisha kisichoingia. Na usiku ule pikipiki ya mzee itakapoitwa Kitahana, itapanda mlima bila kuamsha kijiji, na mama aliyebebwa nyuma atashuka zahanati akiwa na miguu yake salama.