Tegu aliyefuta mistari yake

Samahani kwa ukimya. Wiki mbili hizi nimekuwa nikizunguka hospitalini hapa Kakamega na binamu yangu.

Amekuwa akianguka kifafa tangu mwaka juzi. Shangazi aliambiwa karogwa, akatoa kuku wawili na pesa, wapi! Juzi picha ya kichwa imeonyesha vifuko vidogo ubongoni: mabuu ya tegu wa nguruwe. Na binamu hali nguruwe kabisa. Kumbe nyama isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni huletwa na kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu huyo.

Usiku sikulala, nikasoma. Mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha jenomu za tegu wa aina nne, akiwemo huyu, Taenia solium. Zina herufi kati ya milioni 115 na 141. Yetu ni kama bilioni 3. Ukubwa peke yake si hoja (kitunguu kinatushinda sisi sote). Kilichonishika ni vilivyofutwa. Tegu hana mdomo wala utumbo, hufyonza chakula kwa ngozi, ilhali planaria, ndugu zake wanaojitegemea majini, wana utumbo hadi leo. Jeni kadhaa za kupanga mwili zimepotea. Hata mafuta na kolesteroli hawezi kujitengenezea, anachukua kwa mwenyeji.

Sisi waandika programu tunalijua jambo hili. Ukishapata laibrari ya mtu mwingine, unafuta mistari yako mia tatu na programu inaenda tu. Ila mimi hufuta nikijua. Kwa tegu, jeni isiyohitajika huharibiwa na makosa ya kunakili, na kwa kuwa hakuna anayekufa kwa ajili hiyo, kosa linarithiwa. Wala usimwite duni: familia nyingine za jeni, kama zile za protini zinazomkinga na joto na misukosuko, zimeongezeka. Watafiti walitafuta pia humo mahali ambapo dawa zilizokwisha kuwepo zingeweza kumgonga. Hapo nilisoma mara mbili.

Binamu ameanza dawa za kifafa, albendazole na ya kutuliza uvimbe. Shangazi haulizi tena nani kamroga. Anauliza nani bomani ana tegu, maana mayai yalitoka kwa mtu. Kesho asubuhi sote tunapeleka sampuli za choo, mimi nikiwemo.