Ua la Bukini katika Mchanga wa Lamu

Atokaye Langoni kwa miguu kuelekea Shela huwa na bahari mkono wake wa kushoto, na mkono wa kulia kuta na viwanja vilivyoachwa. Humo, juu ya mchanga mkavu na vifusi vya matumbawe, humea kichaka kidogo kisichofika kiunoni mwa mtu mzima, nacho huchanua karibu mwaka mzima. Punda na mbuzi hukipita bila kukigusa, maana ni kichungu.

Wapandao maua hukiita vinka, na wataalamu wa mimea hukiita Catharanthus roseus. Asili yake ni Bukini, kisiwa ambacho ramani za leo hukiandika Madagaska.

Wewe mama msomaji, ambaye pengine unacho uani ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, kitazame tena kwa utulivu. Majani yake hutoka mawili mawili, yakielekeana. Yanang'aa, na katikati ya kila jani umepita mshipa mweupe. Ua lina ndimi tano, za waridi au nyeupe, na kila ulimi umeuegemea mwenzake upande mmoja kama mapanga ya feni. Katikati pana jicho jekundu. Chini ya jicho hilo mna mrija mwembamba wa urefu wa sentimita mbili au tatu, ambao ni kipepeo mwenye mkonga mrefu tu awezaye kuufikia mwisho wake. Ua likipukutika, hufuatwa na maganda mawili membamba yaliyosimama pamoja, yamejaa mbegu nyeusi.

Harufu halina. Ndiyo sababu, nadhani, halikupata nafasi katika kikuba pamoja na asumini na mrehani, wala hakuna bibi harusi aliyetandikiwa kitandani ua hili. Tumelipita kama tunavyompita mtu mkimya barazani.

Lakini katika mwaka 1952 majani yake yalipelekwa Kanada kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha wakayanywa kwa maradhi ya kisukari. Mtafiti Robert Noble akayajaribu kwa panya. Sukari yao haikushuka. Kilichopungua ni chembe nyeupe za damu. Mwingine angeyatupa majani yale. Yeye akakumbuka kwamba katika saratani ya damu chembe hizo ndizo zinazozidi kupita kiasi. Akishirikiana na mkemia Charles Beer, akatoa humo dawa ya vinblastini, iliyotangazwa mwaka 1958. Dada yake, vinkristini, ikafuata baada ya miaka michache, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za msingi za kutibu saratani ya damu ya watoto, maradhi ambayo zamani yalikuwa hayana tumaini. Mamia ya kilo za majani makavu hukamuliwa ili kupata gramu moja.

Hapa ndipo panapohitaji tahadhari, kwani habari hii ikifika nusu nusu huleta madhara. Wapo wanaosema: ikiwa hospitali huitumia, basi na tuchemshe tunywe. La. Dawa ile imetengwa na kemikali nyingine zaidi ya 70 zilizomo katika mmea huo, hupimwa kwa miligramu, na hutiwa mshipani na mjuzi anayefuatilia damu ya mgonjwa siku hadi siku. Sufuria ya jikoni haipimi. Anywaye maji ya majani hayo huweza kutapika, kushukwa na presha na kufa ganzi miguuni. Mjamzito huhatarisha kilichomo tumboni. Na mwenye kisukari aachaye sindano zake kwa ajili ya kikombe hicho hucheza na roho yake. Mwambieni hayo shangazi kwa upole, kabla hajaweka chungu mekoni.

Kukipanda hakuna ubaya. Utomvu wake mweupe unawe baada ya kukata matawi, na mtoto mdogo asiachwe akatafuna jani. Hakitaki maji mengi, bali jua. Mbegu zake zikipukutika, humea hata katika ufa wa birika kuu kuu, na kabla mwezi haujaisha utaona majani mawili yametoka.